Pima Maji Juu ya Kichwa

Kwenye karakana ile ya milango na madirisha, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kugonga kichwa, naye ni Boriti. Boriti alikuwa mrefu kiasi kwamba akikaa, watu walimwambia akae. Kila mlango aliuinamia kama anausalimia, na siku akijisahau, mlango wenyewe ulimkumbusha. Mwenzake wa kazi, aliyemuoa dada yake, alikuwa mfupi wa kupanda stuli hata kufikia swichi ya taa, lakini sauti aliyopewa ilikuwa ya watu watatu. Jina lake la mtaani lilikuwa Fundi Sawasawa, kwa sababu kila alipoweka pima maji juu ya ubao na kile kiputo cha hewa ndani yake kikatulia katikati, alipaza sauti, “Sawasawa!” mpaka jirani wa nyumba ya nne akajua kuna mlango umenyooka. Na kila Boriti alipojigonga, Sawasawa alikuwa naye papo hapo: inama shemeji, mbingu zimeshuka. Miaka nenda miaka rudi, utani ule ule, na hakuuchoka.

Haya, sasa mtu kama huyo akija kugonga kichwa mlangoni yeye mwenyewe, mfupi vile, wewe ungenyamaza?

Maana aligonga. Walikuwa wanafunga fremu kwenye stoo ya mama mmoja muuza vitambaa. Sawasawa kapanda stuli, kapigilia msumari wa mwisho, kaweka pima maji, kaona kiputo katikati, kapaza ile sauti yake, halafu kwa furaha akageuka haraka amwone mwenye stoo alivyoridhika. Akasahau kuwa yuko juu ya stuli. Kichwa chake kikakutana na mti wa juu wa fremu, naye akaenda chini kama gunia. Alipozinduka aliuliza ni nani kafunga fremu hii, akaambiwa ni wewe, akasema basi imekaza vizuri, kisha akatapika.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Daktari, dada mmoja mwenye viatu vya raba na macho ya mtu aliyelala kidogo, aliwaeleza kwamba hakuna damu iliyovuja, ila ubongo umetikisika. Atulie siku moja mbili, akasema, kisha aanze kutembea, apate mwanga, arudie shughuli zake kidogokidogo. Na akitapika tena au kichwa kikizidi, mrudisheni mbio. Mke wa Sawasawa na kaka yake, yaani Boriti, walisikiliza kwa makini sana. Bahati mbaya, kwa hofu waliyokuwa nayo, walilisikia neno “atulie”, na mengine yote wakayaacha pale pale mlangoni pa hospitali.

Jamani, alitulizwa! Mapazia yalifungwa, na juu ya mapazia mkewe akatundika shuka. Yeye alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa ikinguruma dirishani kila siku tangu asubuhi. Aliifunika kitambaa kama marehemu. Redio iliwekwa chini ya kitanda cha watoto. Watoto wenyewe walifundishwa kunong’ona, wakanogewa, wakawa wananong’ona hata shuleni. Vyombo vilioshwa kimoja kimoja kama mayai. Jirani aliyekuja kumpa pole alipiga chafya sebuleni, akaombwa kwa heshima zote akamalizie chafya zake nje. Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo Boriti naye alizima mashine ya kukatia mbao, akawa anakata kwa msumeno wa mkono, polepole, kama mwizi.

Mwanzoni Sawasawa alifurahia. Ni nani asiyependa kulishwa maembe yaliyokatwa vipande? Kichwa kikapungua kuuma. Lakini kizunguzungu hakikuondoka, na yeye sasa alikuwa gizani, hana la kufanya ila kukisikiliza kichwa chake. Na mtu akikisikiliza kichwa chake mchana kutwa, kichwa nacho hupata la kusema. Akihisi kidole cha mguu kimekufa ganzi, alijua ni ubongo. Tumbo likinguruma, ubongo. Usingizi ukapaa. Moyo ulianza kumwenda mbio bila sababu, amelala tu chali, kana kwamba kuna mtu anamfukuza. Chakula kikawa kama pumba za mbao. Siku moja aliona bawaba ya kabati imelegea, akaanza kulia, machozi ya kweli, kwa ajili ya bawaba.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo fundi peke yake angelifikiria. Alichukua pima maji, akasimama mbele ya kioo cha kabati, akajiwekea juu ya kichwa. Kiputo hakikukaa katikati. Kilikwenda kushoto. Akajinyoosha, akapumua, akarudia, kushoto tena. Fundi ana ushahidi gani mwingine zaidi ya pima maji? Alikaa kitandani akiwa amelowa jasho, na uamuzi ukaja wenyewe: ubongo umehama, umeegemea upande mmoja kama nyumba iliyojengwa na mlevi. Tangu siku hiyo kila asubuhi alijipima, na kila asubuhi kiputo kilimpa habari mbaya. Hakumwambia mtu.

Mkewe alimwona, kupitia upenyo wa mlango: mume mtu mzima, kasimama wima kama askari wa gwaride, pima maji kichwani, macho yametoka. Maskini, alikimbilia karakana kumnong’oneza kaka yake. Sawasawa akasikia minong’ono. Nyumba ambayo zamani haikunong’ona hata habari za siri, sasa inanong’ona nyuma ya ukuta; yanapangwa mazishi tu hapo.

Lakini kilichomtisha kuliko vyote ni Boriti. Kila jioni Boriti aliingia, akainamia mlango, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamenya chungwa, akasema pole shemeji, Mungu ni mwema. Basi. Hakusema zaidi. Sawasawa alimsubiri. Ule utani ulikuwa hapo, umeiva, umening’inia usawa wa pua: mfupi kagonga kichwa mlangoni! Miaka yote mrefu kachekwa, leo zamu yake imefika, na zawadi yenyewe kapewa bure. Na Boriti anaupita, anamenya chungwa. Sawasawa alijigeuzia ukutani akawaza kwamba shemeji yako akianza kukuonea huruma, wewe ni maiti, ila hujaambiwa.

Mwishowe alimwita Boriti, akamkabidhi pima maji kwa mikono miwili.

“Chukua, shemeji. Karakana ni yako. Mimi sipandi tena stuli.”

Boriti hakuipokea wala hakuikataa. Aliishika tu, akatoka nayo, akapita sebuleni machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na kwa kuwa haoni, akagonga kichwa mlangoni, kishindo. Sawasawa alisikia kishindo kile kutoka kitandani, akafungua mdomo. Hakuna kitu kilichotoka. Mkewe naye alikuwa amesimama pale akisubiri “inama shemeji”, na ilipokosa kuja, uvumilivu ulimwisha. Aliingia chumbani akavuta shuka, akavuta mapazia, jua likamwagika, akasema kwa sauti yake halisi, ambayo ilikuwa haijasikika miezi miwili:

“Vaa shati. Mimi niliolewa nawe kwa ajili ya kelele zako. Hii nyumba imekuwa kaburi, na sote tumo ndani.”

Wakaenda hospitali wote watatu, Boriti akiwa bado ameikumbatia pima maji kwa sababu hakujua aiweke wapi.

Daktari wa viatu vya raba alimpima kwa utaratibu. Fuata kidole changu. Tembea juu ya mstari. Simama mguu mmoja. Kisha akaweka kalamu chini, akamuuliza kama analala, kama anakula, ni kitu gani alichokuwa anakipenda na sasa hakipendi. Sawasawa akaanza kujibu kwa ujeuri, katikati sauti ikakatika. Daktari akamuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Akajibu kwamba hapana. Kifo alikuwa akikisubiri kama mgeni, ila hakuwa na mpango wa kwenda kumpokea. Mkewe alimshika mkono hapo, na hakuuachia. Ndipo habari ya kiputo ilipomtoka: kwamba ubongo umehamia kushoto, ushahidi anao shemeji.

Daktari hakucheka. Aliomba tu awekewe na yeye. Sawasawa akaipokea pima maji kutoka kwa Boriti, akamwekea daktari kichwani, akachuchumaa kuangalia: kikaenda upande wa kulia, tena kwa mbali. Akamwekea mkewe: kiputo kikaenda mbele. Boriti ilibidi apige magoti sakafuni, na kwake yeye kiputo kilikimbia moja kwa moja kikajificha pembeni, hakikuonekana kabisa. Mke wa Sawasawa ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba kwa mkono kwa mazoea, kisha akautoa mkono. Muuguzi aliyechungulia alikuta watu wanne wanafuta machozi, mmoja yuko magotini na pima maji kichwani, akafunga mlango taratibu.

Walipopoa, daktari alisema kilichompeleka shule. Kizunguzungu chako ni cha kweli, hukukibuni. Kichwa kiligongwa, kikajeruhiwa, kikaanza kupona. Lakini ubongo hupona kwa usingizi, chakula, kutembea na watu, na hofu imekuja ikakunyang’anya vyote hivyo. Unapata kizunguzungu, unaogopa, unaogopa, moyo unakwenda mbio, kizunguzungu kinaongezeka, unajifungia, unanyong’onyea. Hiyo huzuni iliyokukalia ina jina, ni sonona, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na unatibika. Tukitibu kichwa tukaiacha hofu na sonona, tutakuwa tunachota maji kwa pakacha. Akampangia kila wiki amwone mshauri wa chumba cha mwisho kwenye korido, na kama usingizi ukigoma watazungumzia dawa. Na ninyi wawili, akawageukia wale wengine, nani aliwaambia mnong’one?

Usidhani alitoka pale mzima. Siku ya kwanza ya kutembea alifika kona, dunia ikapiga mzunguko, akakumbatia ukuta wa watu mpaka mwenye ukuta akatoka kumuuliza ana shida gani na ukuta wake. Wiki ya kwanza kwa mshauri alizungumza habari za bawaba saa nzima, na mshauri, mzee mpole wa suti ya zamani, akamsikiliza kana kwamba anataka kununua. Wiki iliyofuata alilia tu. Kulikuwa na asubuhi nzuri mbili mfululizo na ya tatu hakutoka kitandani. Lakini mapazia yalikuwa wazi, cherehani ilinguruma, watoto walipigana vizuri kama zamani, na usingizi ukaanza kurudi kwa aibu, kidogokidogo. Alipiga randa akiwa amekaa. Kisha akiwa amesimama. Pima maji aliitundika ukutani na akajikataza kabisa kuileta karibu na nywele zake.

Ikabaki ile stoo. Fremu ilikuwa haijapata mlango, mama wa vitambaa alikuwa amepigilia pazia na kusubiri. Wakaenda. Boriti akauinua mlango, Sawasawa akaivuta stuli, akaikanyaga kwa mguu mmoja, na mguu wa pili ukakataa. Akautazama ule mti wa juu, na ule mti, alivyoona yeye, ukamtazama. Boriti akaweka mlango chini, akasema kwa ile sauti ya pole aliyokuwa akimenyea machungwa kwamba shemeji, acha, nitapanda mimi.

“Sihitaji upande,” Sawasawa akasema. “Nataka uniambie.”

“Nikwambie nini?”

“Unajua. Unao tangu siku ile.”

Boriti alijikuna shingo. Akaangalia chini, akaangalia mlango. Kisha ikamtoka, kwa haraka, kama mtu anayetema mfupa:

“Hivi shemeji, mtu wa kimo chako, ili ugonge kichwa mlangoni, ilibidi upande stuli?”

Sawasawa akacheka. Alicheka mpaka akashuka, akakaa kwenye sakafu ya stoo katikati ya majora ya vitambaa, na Boriti akakaa pembeni yake akicheka na kulia kwa pamoja. Kizunguzungu kikaja, kikazunguka, Sawasawa akakiona kinakuja, akaendelea kucheka, nacho kikaondoka.

“Mbona hukusema?” akauliza alipopata pumzi.

Boriti akafuta uso kwa kitambaa cha mama wa watu.

“Utani nilikuwa nao ulipoanguka. Bado uko chini, macho yamegeuka, hata jina lako sijaita, mimi tayari nimeufikiria, na nilikuwa karibu kucheka. Nikajiona mnyama. Nikasema, akifa huyu, mimi nilikuwa natafuta kucheka. Nikaapa sitakutania tena.”

“Ungeusema tu palepale.”

“Ungenipiga nyundo.”

“Ningekupiga nyundo,” Sawasawa akakubali, “halafu ningejua sifi.”

Akainuka, akapangusa suruali, akapanda stuli. Miguu ilitetemeka kidogo, akaiacha itetemeke. Akafunga bawaba ya juu, akashuka akafunga ya chini, akapanda tena, akaweka pima maji juu ya ubao, akangoja. Nyumbani, mkewe alikuwa anashona shati la mteja. Stoo haikuwa karibu, lakini ile “Sawasawa!” ilimfikia. Akasimamisha cherehani, akaweka mkono juu ya gurudumu, na akakaa hivyo hivyo kwa muda, akisubiri kama itarudia.