Mitandao Miwili na Mbuzi wa Mururu

Chekeni tu, nimestahili. Chama chetu cha wavuvi hapa Nkanka, kinachoongozwa na Maman Prezida, kilinituma nilinganishe itifaki mbili za wazi, yaani kanuni zinazoendesha mitandao ya kijamii isiyomilikiwa na tajiri mmoja. Nikajiaminisha kwamba hizi mbili hazisikilizani kabisa. Basi kwenye mtandao wa kwanza nikaandika, eti kujaribu: “Maman Prezida akiimba kanisani, mbuzi wa kule Mururu wanaitikia.”

Kisha nikauonyesha wa pili ukutani kwa projekta, mbele ya wanachama wote. Kumbe kuna daraja linalovusha ujumbe toka huku hadi kule! Maneno yangu yakatokea makubwa, jina langu juu yake.

Maman Prezida akavaa miwani, akasoma polepole, akanigeukia.

“Papa Eric, imba basi na wewe, batu basikie.”