Cheti Alichoniandikia Shangazi

Mwaka wa Mapinduzi bibi alinitoa skuli kwa hofu, na shangazi akanisomesha ukumbini kwa miaka sita: hesabu, jografia, hata Kiingereza kidogo. Nyumba ya mbele, ng'ambo ya kichochoro, binti wa ami yangu alitoka kila asubuhi na mkoba wake. Mimi dirishani namtazama mpaka akate kona. Nilimwonea wivu hata vumbi la viatuni mwake.

Siku moja shangazi akasema nshamaliza yote anayoyajua. Kwetu mtoto akihitimu msahafu hupikiwa na kuombewa dua, basi naye akafanya vivyo hivyo. Akapika pilau, akaita majirani, akaniandikia cheti kwa mwandiko wake mzuri, kisha akachovya pete yake ya akiki katika wino mwekundu akaigonga chini ya karatasi. Wiki nzima nililala nacho chini ya mto, nshajiona muuguzi, napita wodini mbio mbio kama mwenye shughuli.

Tukaenda pamoja, mimi na binti wa ami, kuomba nafasi ya mafunzo ya uuguzi. Karani alipokea cheti cha mwenzangu, akakiweka juu ya vyengine. Changu alikisoma chote, taratibu.

"Aliyetia muhuri huu ni nani?"

"Shangazi yangu."

Hakucheka, na bora angecheka. Akanieleza kuwa kusomeshwa nyumbani si kosa, ila nyumba haitoi cheti. Cheti hutoka serikalini baada ya mtihani, na mtihani sitaufanya mpaka skuli iniandikishe.

"Kajiandikishe, mwanangu. Ukae darasani mwaka mmoja na wenzio."

Njiani nilimngoja binti wa ami anisimange, nipate sababu ya kumchukia vizuri. Akasema tu, "Shoga, madaftari yangu yote nnayo. Ntakupa."

Akanipa kweli, kayafunga kwa uzi. Nikamwonea wivu na kwa hilo pia, maana ningekuwa mimi, nisingempa.

Jumatatu nikaenda kujiandikisha. Mwalimu mkuu aliniuliza umri, nikamwambia kweli, akaniweka benchi la nyuma kwa urefu wangu. Watoto wakageuka wote. Mmoja, kwa adabu kabisa, akaniambia, "Shikamoo."

Nikaitika marahaba, nikamwuliza wamefika ukurasa wa ngapi.