Draya Yangu Mbovu Imekamatwa Dukani

Eish, leo nimeitwa mwizi wa draya yangu mwenyewe!

Juzi niliponunua draya mpya ya saluni, kwenye risiti kulikuwa na ada ya kuchakata taka za vifaa vya umeme.
Nikalipa bila kununa.

Leo nikawapelekea dukani ile ya zamani iliyoungua.
Muuzaji akanikodolea macho: "Mama, ada tunapokea. Taka hatupokei."

Haya, nikageuka nirudi nayo nyumbani Rosettenville.
Mlangoni mlinzi, kaka yetu wa Bukavu, akanizuia.
"Dada, risiti ya hii iko wapi?"
"Kaka, imekufa hii!"
"Hata maiti haitoki mochwari bila karatasi."

Akaninyang'anya, akaifungia stoo kama mali ya wizi.

Kwa hiyo wameipokea.

Jamani, hapo nimeshinda au nimeshindwa?