Mjumbe wa Bonde la Mabaki ya Roketi

Kila setilaiti ya kuongoza njia inaporushwa, mabaki ya roketi huangukia bonde letu, na mjumbe wa kijiji hupita nyumba kwa nyumba kututoa. Hugonga mlango kwa kiganja, hukohoa, kisha husema kwa sauti iliyokauka, "Haya jamani, tokeni, mtarudi." Hangoji jibu. Huburuta viatu vyake vya mpira hadi mlango unaofuata.

Safari iliyopita Bibi Pan alikataa kutoka, kwa kuwa nguruwe wake alikuwa anazaa.

"Bibi, chuma kikishuka hakichagui."

"Basi kimbia wewe, mwanangu. Mimi simwachi."

Mjumbe alitupungia mkono tutangulie, akavua koti, akapiga magoti kwenye majani makavu ya zizi la nguruwe, kando ya bibi. Tukiwa mlimani tulisikia kishindo, tukaona moshi wa manjano nyuma ya zizi. Tulirudi mbio tukilia. Chuma kilikuwa kimeangukia mahindi ng'ambo ya mto. Zizini, mjumbe alikuwa amejinyoosha chini, watoto wa nguruwe wamefunikwa koti lake. Tukapiga mayowe.

"Nyamazeni!" Bibi Pan akatukemea. "Amelala. Kishindo chenyewe hakikumwamsha, mtamwamsha ninyi?"