Mwezi Niliousogeza

Aibu hii ni yangu peke yangu. Redio iliposema watu wamekanyaga mwezi, sisi wasichana wa Gongoni tulichora wetu vumbini: nyota sita za kuruka kwa mguu mmoja, kisha mwezi. Utamu ulikuwa pale unapoyumba na wenzio wanapiga kelele.

Mgeni wa jirani, mdogo kwangu, alikuwa anarudi kwao Puge kesho yake, na hajafika mwezini hata mara moja. Kabla ya zamu yake ya mwisho alikwenda kunywa maji. Nikaufuta mwezi, nikauchora mbele zaidi, nikapima kwa nyayo mara mbili kuhakikisha hataufikia.

Aliruka, akaanguka.

"Dada, mwezi umesogea?"

"Kwani uliwahi kuuona umesimama?"

Wote walicheka. Yeye akajipangusa magoti, akanishukuru kwa kumfundisha mchezo. Sikuweza kumtazama.