Mtungi Ambao Hakuuomba

Ofisini walimwita Bwana Pingamizi, na mwenyewe hakulikataa jina. Kazi yake ilikuwa kukagua maombi ya hataza, ile hati ambayo serikali humpa mvumbuzi ili wengine wasimchukulie uvumbuzi wake, na katika kitengo kizima cha kemia hapakuwa na mkaguzi aliyekataa maombi kwa raha kama yeye. Mtu akileta rangi mpya ya ukuta, Pingamizi atamchimbulia jarida la zamani, limekula vumbi, lenye rangi ileile. Akileta gundi, atatolewa gundi. Hakuwa mtu mbaya, tuseme kweli. Alifika kazini mapema, alimwagilia maua ya dirishani ambayo hata hayakuwa yake, na mke wake hakuwahi kumsikia akipaza sauti ndani ya nyumba. Ila alikuwa na kijiba cha roho, na kijiba chenyewe alikiweka kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa mwanamke, na tangu chuoni walimwita Chiriku, maana mdomo wake ulikuwa haupumziki. Walifanya shahada ya pili pamoja, chini ya mwalimu mmoja, katika maabara moja, meza zao zikitazamana. Wote wawili walitengeneza kampaundi za metali: unachukua chembe ya metali adimu iitwayo iridiamu, unaizungushia molekuli tatu za kaboni zinazoishika kama mafiga yanavyoshika chungu, na ukibahatika kuchagua molekuli zenyewe, unga unaoupata hutoa mwanga ukipitishiwa umeme. Ndizo zinazowaka ndani ya vioo vya simu na televisheni vile vinavyojiangaza vyenyewe. Pingamizi alikuwa hodari. Meza yake iling'aa, chupa zake zilipangwa kwa urefu, alama zake zilikuwa juu. Chiriku alivunja vioo, aliimba akipima dawa, na alikuwa haoni haya kusema "sijui." Na bado mwalimu akiingia maabarani alikwenda kwanza kwenye meza ya Chiriku, wakacheka wee, ndipo akageuka kumuuliza Pingamizi kama yuko salama.

Hilo lilimkereketa wakati ule, na lilizidi kumkereketa miaka ilivyokwenda. Pingamizi alipata ajira ya ofisi akashukuru. Chiriku alibaki na chupa zake. Kisha jioni moja, wakati wa chakula, taarifa ya habari ikamwonyesha Chiriku mwenye nywele za mvi kidogo, ameshika karatasi nyembamba ya kioo inayowaka kijani kibichi, waandishi wamemzunguka.

"Si huyu mliyesoma naye?" mke wake akauliza. "Jamani, mbona kapendeza hivyo! Na kumbe ni bingwa."

"Tulisoma wengi," Pingamizi akasema.

"Lakini wewe ulikuwa unampita darasani, si uliniambia?"

Pingamizi aliomba apewe chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Haukupita muda, jalada likatua mezani kwake. Mwombaji: Chiriku na chuo chake. Mkuu wa kitengo alisimama mlangoni na kikombe cha chai akauliza kama anamfahamu mwombaji, kwa sababu mkaguzi hatakiwi kumkagua ndugu wala rafiki.

"Kwa mbali, mkuu. Chuo kile tumepita wengi."

"Si ndugu, si rafiki?"

"Rafiki? Hapana." Na hapo, kwa kweli, hakudanganya.

Alilifungua jalada taratibu. Chiriku alikuwa na madai mawili. Dai la kwanza lilisema kampaundi ile ni yake. La pili lilisema kifaa chochote cha kutoa mwanga kilichotiwa kampaundi hiyo katika tabaka lake la kuangaza ni chake. Pingamizi akageuza ukurasa kutazama mchoro wa molekuli, na roho ikamruka.

Aliijua. Aliijua kama anavyojua sura ya mtoto wake. Iridiamu katikati, mafiga matatu, na pembeni ya kila figa kile kikia kidogo cha florini ambacho yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alikipachika akiwa kijana. Kampaundi ile aliitengeneza yeye. Iko ndani ya tasnifu yake, na tasnifu iko maktaba ya chuo, rafuni, mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma.

Furaha aliyoipata saa ile ni aibu kuisimulia. Alitembea ofisini akijichekea. Kesho yake asubuhi alikwenda maktaba, akaitoa tasnifu, akaipuliza vumbi. Mchoro ulikuwepo. Vipimo vilikuwepo. Ulikuwepo pia ule mstari mwishoni mwa sura: "Kampaundi hii ilipimwa ndani ya kimiminika na haikuonyesha mwanga wowote. Haifai kwa vifaa vya kuangaza." Pingamizi aliuruka mstari huo upesi, kama mtu anavyoruka dimbwi mbele ya mlango wa mkwe. Sheria inauliza kama kitu kilishajulikana. Haiulizi kama kiliwaka. Kilichokwisha kuandikwa hakiwezi kuwa kipya, basi.

Akaandika uamuzi wa awali. Dai la kwanza: linakataliwa, kampaundi si mpya. Dai la pili: linakataliwa pia, kwani kampaundi ikishajulikana, kuitia kwenye taa ni jambo ambalo mtaalamu yeyote angelifikiria. Barua za ofisi ile hutoka kwa namba ya meza, si kwa jina la mtu, kwa hiyo aliipeleka na moyo mweupe. Siku ile alimnunulia mke wake kitambaa cha gauni bila sababu.

Sheria inampa mwombaji nafasi ya kuja kujitetea uso kwa uso. Chiriku alikuja. Aliingia chumba cha mikutano na wakala wake wa hataza, kijana mtanashati mwenye tai iliyobana, na alipomwona nani amekaa upande wa pili wa meza alisita kidogo tu, akatabasamu.

"Habari za siku nyingi, kaka."

"Nzuri," Pingamizi akasema. "Karibuni, mkae."

Wakala hakupoteza muda. "Dai la kwanza tunaliondoa," akasema. "Tumeisoma tasnifu iliyotajwa. Mkaguzi yuko sahihi, kampaundi ilishatengenezwa na mtu mwingine."

Pingamizi alijisikia kama aliyevishwa koja. Akamtupia Chiriku jicho, apate kuona anavyoumia. Chiriku alikuwa anatafuta kitu mkobani.

"Tunabaki na dai la pili," wakala akaendelea. "Na hapa, mheshimiwa, sheria inatutaka tumtazame mtaalamu wa kawaida."

Huyu mtaalamu wa kawaida Pingamizi alimjua vizuri, maana alimtumia kila siku kuwakatia watu maini. Hayupo duniani, ni mtu wa kufikiriwa. Amesoma kila kilichoandikwa, mikono yake ni mizuri, hakosei hesabu, na hagundui chochote. Kama yeye angeweza kufika pale alipofika mvumbuzi, basi hapana uvumbuzi. Kama asingeweza, mvumbuzi apewe haki yake.

"Sasa tumpe tasnifu hii aisome," wakala akasema. "Atakuta imeandikwa wazi kwamba kampaundi haitoi mwanga, haifai kwa taa. Ataitia kwenye taa? Hataitia. Ataiacha rafuni ilale. Mheshimiwa, ushahidi mlioutoa kutuangusha ndio unaotusimamisha. Mteja wangu alikwenda kule ambako tasnifu hii inawakataza watu kwenda."

Lakini mpingaji hakosi la kusema.

"Kampaundi za namna hii mwanga wake huzimwa na oksijeni ya hewani," akasema. "Hata mwanafunzi anajua. Unapitisha naitrojeni ndani ya kimiminika kwanza, unafukuza hewa, ndipo unapima. Mtaalamu wa kawaida angerudia kipimo, na angeuona mwanga."

"Angejua?" wakala akaruka. "Mbona mwandishi wa tasnifu hakujua? Au mheshimiwa anataka kutuambia kwamba huyu bwana alikuwa chini ya kawaida? Maana kwa uzembe wa namna hii, mtu kupima bila kufukuza hewa, hata mimi mwanasheria..."

"Wakala, taratibu," Chiriku akasema. "Mwandishi ndiye huyu uliyekaa naye."

Kijana alimtazama Pingamizi, akaitazama tasnifu, akaanza kuilegeza tai.

"Na wala si uzembe," Chiriku akaendelea. Sauti yake ilikuwa ileile ya chuoni, ya kujaza chumba. "Alijua vizuri kuliko mimi. Maabara ilikuwa na mtungi mmoja wa naitrojeni, na siku zile ulikuwa kwenye meza yangu. Nikawa namwona anapita, anautazama, anarudi kwake. Nikadhani hauhitaji. Kaka, si ungeniambia tu, 'Chiriku, nipishe kwenye mtungi'? Ningekubebea mwenyewe mpaka mezani kwako."

Pingamizi alizikumbuka siku zile, zote kwa pamoja. Alikuwa ameshika chupa yake, kimiminika cha manjano kiko tayari. Mtungi uko pale, hatua chache, na kando yake mwalimu na Chiriku wanavunjika mbavu kwa kichekesho ambacho hakuambiwa. Kumwendea, kusimama, kusema tafadhali, kisha apishwe na watu wanaocheka. Aliona bora afe. Akapima hivyo hivyo na hewa yake, mwanga haukuonekana, akaandika haiwaki, akafunga sura. Hakutaka hata kurudia. Alitaka kumaliza kabla ya Chiriku.

Na alimaliza kabla ya Chiriku.

Chiriku alikuwa ameshatoa mkobani kijichupa cha kioo kilichotolewa hewa na kuzibwa kwa moto, na tochi ndogo ya mwanga wa zambarau. Akawasha. Ndani ya kijichupa kukachipuka kijani kibichi, kimetulia, kizuri mno. Kikamulika vidole vyake, kikamulika na tasnifu iliyokuwa mezani.

"Kitazame," akasema. "Mimi sikujua kwamba uliitengeneza, wallahi, mpaka barua yenu iliponifikia. Nikasema kumbe ni ya kaka. Kichukue, ni chako."

Laiti angemcheka. Laiti angemsimanga mbele ya yule kijana, Pingamizi angejua pa kushika. Lakini mwanamke huyu alikuwa anafurahi kweli kweli, anampa kitu kwa mikono miwili, na Pingamizi akagundua kwamba hata huo wema wake anauonea gere. Alikipokea kijichupa, akasema asante, na mkutano ukaisha.

Ikabaki kuandika. Uamuzi ulikuwa mikononi mwake peke yake, na njia zilikuwa mbili. Angeweza kumnyima Chiriku, lakini ili amnyime ilibidi aandike kwamba mtaalamu wa kawaida angeuona mwanga, yaani aliyeandika tasnifu alikuwa chini ya kawaida. Au ampe, na ili ampe ilibidi aandike kwamba aliyeandika tasnifu ndiye mtaalamu wa kawaida hasa: amesoma, anajua, hakosei hesabu, na mwanga hakuuona. Aliianza sentensi akaifuta. Alikwenda akayamwagilia maua yasiyo yake mpaka maji yakamwagika sakafuni. Alimchukia Chiriku, akamchukia mwalimu wao ambaye ni marehemu, akauchukia hata mtungi. Akarudi, akaketi, akaandika kwamba mtaalamu wa kawaida, akiongozwa na tasnifu hiyo, asingethubutu. Dai la pili linakubaliwa. Akatia sahihi.

Hataza ilipochapishwa, alikuja nayo nyumbani ndani ya bahasha bila kujua kwa nini. Mke wake aliifungua kabla hajavua viatu. Ukurasa wa mwanzo huorodhesha maandiko yote yaliyozingatiwa, na jina la mumewe lilikuwa hapo, herufi nzito.

"Jina lako!" mke akapiga kelele. "Kwenye uvumbuzi wa Chiriku! Na hukusema kitu, mwanamume wewe!" Tayari alikuwa ameshika simu, anampigia dada yake. "Dada, hutaamini. Shemeji yako naye yumo. Ngoja, ngoja nimuulize. Baba, wamesema nini juu yako?"

Pingamizi aliketi kwenye kochi, kijichupa kiko mfukoni, anakigusa kwa kidole gumba.

"Wamesema niliitengeneza mimi kwanza."

"Aliitengeneza yeye kwanza, dada!" Akamgeukia mumewe. "Sasa ikawaje hataza ikaenda kwa mwenzako?"

"Kuna kitu nilikihitaji ili niuone mwanga wake. Kilikuwa kwa Chiriku. Sikumwomba."

Mke wake aliishusha simu kifuani. Alimtazama mumewe kwa mshangao, bila lawama.

"Si ungemwomba tu?"

"Nilishindwa."

"Na leo je? Ingekuwa leo, ungemwomba?"

Pingamizi alifikiri, maana alikuwa mtu mkweli katika mambo ya kazi. Simuni, dada wa mke wake alikuwa anaita haloo, haloo.

"Hata leo ningeshindwa," akasema.