Nilipomwambia Mama Mkwe Niko Kwenye Chakra

Niliacha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na dawa iliyoniachisha siijutii. Kila asubuhi nakimbia na raba zangu za mtumba, kisha nasimama peku, nafumba macho na kuvuta pumzi mpaka nguvu ya kiunoni itulie ardhini. Mhindi muuza spea wa Makambako aliyenifundisha huiita chakra. Mama mkwe ameapa nikinywa tena atamchukua binti yangu, Neema.

Jana, hapa Mjimwema, nilisimama bila kuangalia nilipo, kumbe ni katikati ya mianzi inayogemwa huo ulanzi.

"Baba Neema! Unafanya nini humo na bukta?"

Mama mkwe, na Neema kamshika mkono!

"Niko kwenye chakra, mama."

"Chakari! Tena anakiri mwenyewe! Neema, kafunge nguo zako."

Nikatoka na bukta yangu hivyo hivyo, nikampumulia usoni. Akanusa mara mbili.

"Maharage tu," akasema.